Cheki Imewekwa, Pesa Haijaingia: Usitoe Mzigo Bado

Wauzaji wa mtandaoni, leo tuongee kuhusu cheki. Najua wengi mtasema, "Mimi napokea M-Pesa tu." Sawa. Lakini hapa Kenya M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na shule, hoteli na ofisi nyingi bado zinalipa kwa cheki. Siku ukipata oda kubwa, utakutana nayo.

Chukulia unauza sare na mashuka. Mteja mpya anaagiza mzigo wa 180,000. Ijumaa jioni anakutumia picha ya slipu ya benki: cheki imewekwa kwa akaunti yako. Unaangalia kwa simu, unaona salio limepanda. Boda yuko mlangoni, mteja anakuharakisha. Unatoa mzigo. Jumatatu au Jumanne benki inakwambia cheki imerudi, akaunti ya mteja haina kitu. Mzigo umeenda, simu ya mteja imezimwa.

Kosa liko wapi? Slipu inaonyesha tu kwamba karatasi imefika benki. Benki yako lazima iipeleke kwa benki ya mteja ikubaliwe, na kwa kawaida jibu linapatikana siku ya kazi inayofuata. Wikendi na sikukuu hazihesabiwi, ndiyo maana matapeli wanapenda Ijumaa. Kwa hiyo salio la jumla laweza kupanda huku pesa unayoweza kutoa ikiwa ni ile ile ya jana. Angalia salio unaloweza kutoa, si lile la jumla.

Kuna ujanja mwingine. Mteja anaandika cheki ya 230,000 badala ya 180,000, halafu anapiga: "Samahani, mhasibu amekosea, nirudishie hiyo 50,000 kwa M-Pesa." Ukituma, cheki ikirudi umepoteza mzigo na pesa taslimu juu yake. Usirudishe hata shilingi kabla cheki haijakubaliwa.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema ni kosa la jinai kutoa cheki ukijua akaunti haina pesa ya kutosha, ukijua imefungwa, au ukiwa tayari umeiagiza benki isilipe. Adhabu ni faini isiyozidi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili.

Lakini shika hapa: kwa cheki ya tarehe ya mbele, kile kipengele cha pesa kutotosha hakitumiki. Mteja akikupa leo cheki ya mwisho wa mwezi, hiyo ni ahadi ya kulipa. Ikirudi, unaweza kubaki unamdai kama mdeni wa kawaida, kwa kesi ya madai. Ukikubali cheki hiyo, jua umemkopesha.

Na wewe je, unapomlipa msambazaji?

Wengi wetu tunaandika cheki tukitegemea pesa ya wateja itaingia kabla ya tarehe. Mteja akichelewa, cheki yako ndiyo inarudi. Benki inakukata ada, jina laweza kupelekwa CRB, na msambazaji hakupi tena mali kwa mkopo. Ukiona haitatosha, mpigie msambazaji kabla hajaipeleka benki. Mwambie ukweli, mlipe sehemu, mpange tarehe nyingine. Hasara ya aibu ni ndogo kuliko hasara ya jina.

Kabla ya kutoa mzigo wa cheki:

1. Mwambie mteja mapema: "Mzigo unatoka cheki ikishakubaliwa."
2. Kagua tarehe, jina lako, sahihi, na kama kiasi cha maneno kinalingana na cha tarakimu.
3. Ulizia benki yako moja kwa moja. Usitegemee picha wala SMS aliyokutumia mteja.
4. Akiwa na haraka, alipe kwa uhamisho wa benki au agawe malipo ya M-Pesa.
5. Cheki ikirudi, itunze pamoja na maelezo ya benki, oda na meseji zote. Huo ndio ushahidi wako.

Mteja wa kweli ataelewa ukimwomba asubiri siku moja. Anayekasirika kwa sababu ya siku moja, mwache aende na cheki yake.

Mtumie mwenzako anayeuza kwa oda kubwa. Biashara njema!