Mvi Mbele ya Kibodi

Mwaka 2022 Brian Kernighan, akiwa na umri wa miaka 80, aliufungua tena msimbo wa awk, programu ya kuchambua maandishi ambayo yeye, Alfred Aho na Peter Weinberger waliitunga mwaka 1977. Kulikuwa na jambo lililobaki. Awk yao ilihesabu kila baiti kuwa herufi moja. Kwa Kiingereza hilo halina madhara, wala kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini. Lakini herufi za Kiarabu, zile walizoandikia washairi wa Lamu na Mombasa, katika mfumo wa UTF-8 kila moja hula baiti mbili. Neno la herufi tano lilihesabiwa kuwa na kumi. Mzee akakaa, akatengeneza. Kilichomtatiza hasa ni Git, chombo cha kutunzia mabadiliko ya msimbo kilichotoka mwaka 2005. Alikiri wazi kwamba bado hajakielewa vizuri.

Kisa hiki kinaonyesha ilivyo kwa wengi wetu tuliozeeka katika kazi hii. Ujuzi wa ndani haukutoroka. Vyombo vipya ndivyo vinavyotuchosha.

Mimi nimepita hamsini na bado naandika programu kila siku. Huulizwa nitaacha lini, kana kwamba kuandika msimbo ni mchezo wa mpira na magoti yangu yamekwisha. Tuangalie basi kinachopungua na kinachobaki.

Wanasaikolojia, wakimfuata Raymond Cattell, hutofautisha akili ya wepesi na akili ya hazina. Ya kwanza ni ile ya kukabili jambo geni na kushika mambo mengi kichwani kwa pamoja. Hiyo huanza kushuka mapema, hata kabla mtu hajafika makamo. Ya pili ni maarifa yaliyokusanywa, nayo huendelea kukua kwa miaka mingi. Mwaka 1984 Timothy Salthouse wa Marekani aliwapima wapiga chapa wa kati ya miaka 19 na 72. Vidole vya wazee vilichelewa kuitikia ishara, lakini walipopewa maandishi ya kunakili, kasi yao haikuwa nyuma ya vijana. Siri ilikuwa machoni: wazee walisoma herufi nyingi zaidi mbele ya vidole vyao. Alipoyaficha maandishi ya mbele, faida hiyo ikatoweka.

Katika programu, kusoma mbele namna hiyo ndiko kunakookoa usiku wa watu. Chukua mteja aliyetuma pesa kwa simu, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, simu ikatuma ombi tena, naye akakatwa mara mbili. Kijana hodari ataanza kuusoma msimbo mstari kwa mstari. Aliyeyaona hayo zamani atauliza kwanza: je, kila ombi lina namba yake ya pekee, ili seva ilitambue likija mara ya pili? Au chukua ripoti ya mauzo isiyolingana na fedha zilizopo. Seva nyingi hutunza saa za dunia, zilizo nyuma ya saa za Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu. Muamala wa saa nane usiku wa Jumanne seva huuandika kuwa wa saa tano usiku wa Jumatatu, na ripoti huuweka katika siku isiyo yake. Hakuna mtihani wa ajira unaouliza haya. Mtu huyajua kwa kuwa aliwahi kukesha nayo.

Kinachopungua nacho ni cha kweli. Sishiki tena vigeu vingi kichwani kama zamani, na nikikatizwa na simu, kurudi nilipokuwa hunichukua muda. Kwa hiyo nagawa kazi vipande vifupi, naandika majaribio kabla ya msimbo wenyewe, na daftari haliondoki mezani. Programu zangu za sasa ni rahisi kusomeka kuliko za ujana wangu, kwa sababu msomaji wake wa kwanza ni mimi mwenyewe kesho asubuhi.

Macho ni jambo dogo linalowatoa watu kazini bila sababu. Baada ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa. Miwani ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, ilhali skrini hukaa mbali zaidi, 50 hadi 70. Matokeo yake mtu huinamia skrini mchana kutwa, shingo ikaanza kuuma, akadhani kazi imemshinda. Nenda ukapimwe upya, na umwambie mpimaji umbali wa skrini yako.

Kuhusu vyombo vipya, jifunze kimoja kwa wakati, ukiwa na kazi halisi ya kukifanyia. Masako Wakamiya wa Japani, mstaafu wa benki, alitoa mchezo wake wa simu mwaka 2017 akiwa na miaka 81. Aliutaka mchezo wa kuwafurahisha wazee wenzake, ndipo akajifunza kuandika programu.

Kinachonisikitisha ni taratibu zetu za ofisini. Katika taasisi nyingi nilizopita, mwandishi wa programu akitaka mshahara upande hana budi awe mkuu wa kitengo. Hukabidhiwa bajeti, likizo za watu na vikao, na mkono uliojua mfumo wote huondoka kwenye msimbo ukiwa umekomaa hasa. Baada ya miezi mfumo ukianguka, wanaobaki hawajui kwa nini uliandikwa hivyo, naye yuko kikaoni.

Waajiri, wekeni ngazi ya mhandisi mwandamizi yenye mshahara sawa na wa mkuu wa kitengo, bila kumtoa mtu kwenye kibodi. Na anapokaribia miaka 60 ya kustaafu, mkalisheni na vijana wawili walau mwaka mzima, wausome mfumo pamoja naye kabla hajakabidhi funguo.