Buti la Jangwani katika Udongo wa Kindu

Majuma machache yaliyopita kijana mmoja wa darasa letu alivuka Lualaba kwa mtumbwi, akitoka Alunguli, amevaa mabuti mapya ya ngozi yenye rangi ya mchanga. Mama yake alikuwa amempa fedha ya ada ya shule, naye akaishia nayo sokoni. Tulipomwuliza sababu, alijibu bila haya kwamba hayo ni mabuti ya Kizungu hasa, na avaaye mengine huonekana mshamba. Habari ya ada tumeizungumza na mama yake. Lakini neno lile "ya Kizungu hasa" lilitukaa moyoni, maana asili ya mabuti hayo sivyo alivyodhani.

Wasomaji wengi wameyaona. Ni buti fupi, lifikalo kwenye kifundo cha mguu tu. Halina mapambo. Kila upande lina matundu mawili ya kamba, basi. Ngozi yake hukwanguliwa upande wa ndani, na upande huo ndio unaogeuzwa nje, ukawa laini kama mahameli. Ukingo wa ngozi haukunjwi kuingia chini ya mguu kama katika viatu vingine, bali hugeuzwa kwenda nje na kushonwa juu ya soli, hata uzi waonekana pande zote. Ushonaji huo ni mwepesi, wala hauhitaji mashine nyingi.

Tuanze Afrika ya Kusini. Waholanzi walipofika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652 na kuanza kulima na kufuga, walijishonea viatu vyepesi vya ngozi, vilivyoitwa velskoen, yaani kiatu cha ngozi. Yasemekana waliiga viatu vya wenyeji, Wakhoikhoi. Vita Kuu ya pili ilipowaka, askari wa Afrika ya Kusini walipelekwa kupigana katika majangwa ya Misri na Libya. Buti zito la kijeshi ni adhabu mchangani. Kwa hiyo maofisa wa Jeshi la Nane la Waingereza waliwaendea mafundi wa soko la Khan el-Khalili, mjini Kairo, wakashonewa buti jepesi lenye soli ya mpira.

Mwaka 1941 ofisa mmoja Mwingereza, Nathan Clark, akiwa kazini Burma, aliona mabuti hayo miguuni mwa wenzake. Jamaa yake walikuwa washona viatu tangu mwaka 1825 katika mji mdogo wa Street. Alipoleta wazo lake nyumbani, wakubwa wa kampuni walimwambia kwamba kiatu cha namna hiyo hakitauzika kamwe. Yeye hakukata tamaa. Mwaka 1949 alikipeleka kwenye maonyesho ya viatu mjini Chicago, Wamarekani wakakipenda, na mwaka 1950 kikaanza kuuzwa kwa jina la Desert Boot. Kumbe basi, kiatu kilizaliwa Afrika, kikaenda Uingereza kupewa jina, kikaturudia kama mgeni! Jirani zetu wa Kenya wanaye ndugu yake: buti la safari, linaloshonwa na kiwanda cha Bata huko Limuru.

Soli nayo ina habari yake, na hapa sisi watu wa Kongo yafaa tutulie kidogo. Ni mpira wa krepu, yaani utomvu wa mti uliogandishwa kwa asidi, ukapitishwa kati ya magurudumu ya chuma mpaka ukawa karatasi zenye mikunjo, kisha ukakaushwa. Utomvu huo hutoka katika mti wa Brazili, ambao mbegu zake Mwingereza Wickham alizichukua mwaka 1876, na baadaye mashamba makubwa yakapandwa Asia. Kabla mashamba hayo hayajaanza kutoa mavuno mengi, dunia ilitafuta mpira katika mimea itambaayo ya mwituni ya misitu yetu. Serikali ya mfalme Leopold, iliyotawala tangu 1885 hata 1908, iliwalazimisha watu kuugema. Aliyepungukiwa kipimo alipigwa kiboko, au mkewe alifungwa, na wengi waliuawa. Kijana wetu aliikanyaga soli ile asijue kwamba mpira ulikuwa neno la kilio kwa mababu.

Je, buti hili lafaa Kindu? Wakati wa kiangazi, naam, lapumzisha mguu kweli. Lakini krepu haipatani na mafuta wala petroli: huvimba na kulainika, basi mfanyakazi wa reli asilivae karakanani. Katika udongo mwekundu uliolowa, soli yake laini huteleza kama samaki. Sisi wenyewe tulianguka chali penye mteremko wa kivuko, na daftari za wanafunzi arobaini mkononi. Na ngozi ile ikinywa maji hubaki na madoa. Usiianike juani wala karibu na moto, bali ijaze karatasi kavu, uiache kivulini, kisha uipige brashi.

Yule kijana hakuweza kuyarudisha mabuti yake. Mvua za kwanza zilipokwisha kuyaharibu, alimpelekea fundi mmoja wa Mikelenge, akaing'oa krepu na kushona mahali pake mpira wa gurudumu la gari. Sasa ni mazito kidogo, wala hayana tena rangi ya mchanga. Anayavaa kila siku shuleni, na ada mama yake ameanza kuilipa kidogo kidogo kwa mauzo ya mawese.