Mota zinaungua Kanazi, lawama zinaishia kwenye mita

Wafanyabiashara wa Kanazi, wilayani Ngara, wanaoishi kwa umeme, yaani wasaga nafaka, wachomeleaji, wenye saluni na wauza vinywaji baridi, wana gharama moja ambayo haiingii kwenye daftari la mauzo. Ni gharama ya vitu vinavyoungua. Mota inasukwa upya, kompresa ya friji inabadilishwa, televisheni ya banda la mpira inapelekwa kwa fundi Ngara mjini na hairudi. Ukiuliza kisa, jibu linalotangulia ni mita: hizi mpya, mita janja, zinazosemekana kuleta umeme mkubwa, kula yuniti na hata kuwaka moto ukutani.

Hofu hiyo si ya kubezwa. Mwaka 2014, jimbo la Saskatchewan nchini Kanada liliagiza mita za aina hiyo zaidi ya 100,000 ziondolewe majumbani baada ya kadhaa kushika moto, na uchunguzi ulionyesha unyevu na uchafu vilikuwa vimeingia ndani yake. Mita yoyote, ya zamani au mpya, ikifungwa na skrubu zisipokazwa sawasawa, kiungo hupata moto na plastiki huyeyuka. Huo ni uzembe wa ufungaji, na mteja ana haki ya kuuogopa.

Hata hivyo mita haizalishi umeme. Inapima unaopita, na ndani yake kuna swichi ya kukata yuniti zikiisha. Umeme ukizidi, umezidi kabla ya kuifikia, na mara nyingine mita yenyewe ndiyo inayotangulia kuharibika. Ndivyo ilivyokuwa Stockton, California, Machi 2015: lori liligonga nguzo, waya wa juu ukaangukia wa chini, na mita za nyumba nyingi zikalipuka.

Maelezo hayo hayamridhishi mwenye mashine mmoja wa kusaga na kukoboa, aliyeomba jina lake lisiandikwe kwa kuwa bado ana madai mezani. Anasema aliacha injini ya dizeli akiamini umeme utampunguzia gharama, na kwa upande wa mafuta ulimpunguzia kweli. Kisha akaunguliwa na mota mbili. Ya kwanza iliungua fezi moja ilipokatika huku mbili zikibaki: mota ikavuma bila kuzunguka, na kijana aliyekuwa zamu alipofika kwenye swichi, harufu ya waya ulioungua ilikuwa imeshajaa banda. Ya pili iliungua baada ya kubadilishiwa mita, na hapo ndipo shaka yake ilipoota mizizi. Fundi wake alimweleza habari za waya wa nyutro kule nguzoni. Yeye anauliza kwa nini nyutro ingoje mita mpya ndipo ilegee.

Kinachomuuma zaidi ni namna alivyojibiwa. Alitakiwa aandike barua, alete risiti ya mota, alete maelezo ya fundi anayetambulika. Alipovikusanya vyote, aliambiwa hakuna hitilafu iliyoandikwa kwenye laini siku ile. Anakumbusha kwamba yeye hununua umeme kabla ya kuutumia, na kwamba kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa malipo ya kabla, bila barua wala shahidi. Fidia yake inahitaji vyote viwili. Kwa bei ya shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, anasema, anayelipa namna hiyo alistahili angalau kuambiwa siku ile umeme ulikuwa volti ngapi.

Hoja hiyo ya mwisho ni nzito kuliko zote, na nitairudia.

Ofisa mmoja wa sekta ya umeme mkoani, naye kwa sharti la kutotajwa, anajibu kwa takwimu. Maporomoko ya Rusumo yanatoa megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Burundi na Rwanda, hivyo upande wetu unapata takriban megawati 26.7. Laini ya kilovolti 220 inautoa umeme huo Rusumo hadi Nyakanazi wilayani Biharamulo, ambako unakutana na laini inayotoka Geita. Kwa maoni yake, enzi za Ngara na Biharamulo kutegemea jenereta za dizeli zimepita, umeme umetulia, na vinavyoungua sasa vinaunguzwa na nyaya za ndani zilizofungwa na vishoka, yaani mafundi wasiotambulika.

Kuhusu jenereta yuko sahihi, na kuhusu vishoka ana hoja. Nyumba nyingi zimeungwa kwa shilingi 27,000 za bei ya vijijini, kisha kazi ya ndani ikatolewa kwa yeyote mwenye bisibisi: waya wa ethi haupo, au upo kwenye karatasi tu, na saketi breka ni ya rahisi kuliko zote dukani. Ila megawati 26.7 hazisemi lolote kuhusu volti zinazofika kwenye nguzo ya mwisho kijijini. Umeme unaweza kutosha Nyakanazi na bado ukafika Kanazi ukiwa mdogo saa moja jioni, mita zikiwa mpya au kuukuu. Kumwonyesha mtu ukubwa wa mtambo wakati anauliza habari za transfoma ya mtaani kwake si jibu.

Mafundi wa eneo hili hutaja visa vitatu, na cha kwanza ndicho kinachotisha. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna 400. Nyutro ikikatika au ikilegea nguzoni, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti hujikuta zinagawana zile 400 bila mpangilio. Yenye mzigo mkubwa inapata umeme mdogo, taa zinafifia. Yenye balbu mbili na televisheni inaweza kupokea zaidi ya volti 300. Ndiyo maana kwa jirani taa zinafifia wakati kwako friji inatoa moshi, na kila mmoja analaumu mita yake. Kisa cha pili ni radi, ambayo ukanda huu wa magharibi mwa Ziwa Viktoria unaifahamu vizuri mno. Cha tatu ni umeme kurudi ghafla baada ya kukatika, mashine zote zikiwa zimeachwa swichi wazi.

Shaka juu ya mita imechochewa pia na zoezi la 2024, pale wateja wa LUKU walipotakiwa kuingiza makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja kabla ya Novemba 24. Sababu ilikuwa ya kiufundi: hesabu ya muda iliyomo kwenye mita za malipo ya kabla, duniani kote, ilikuwa inafika kikomo. Kwa mteja ilionekana kama mita inachezewa akiwa mbali, na aliyebadilishiwa mita baadaye akaunganisha mambo hayo mawili.

Sasa ile hoja ya volti. Mita janja, tofauti na iliyotangulia, ina uwezo wa kutunza kumbukumbu: saa umeme ulipozidi, ulipopungua, fezi ilipopotea. Kumbukumbu hizo husafiri kwenda kwa muuzaji wa umeme. Mteja anaona kwenye rimoti yuniti zilizobaki, basi. Mwenye mashine anahangaika kutafuta ushahidi ilhali kifaa chenye ushahidi kiko kwenye jengo lake mwenyewe. Malalamiko yanaanzia kwa shirika la umeme na yanaweza kupanda hadi kwa mdhibiti wa nishati, lakini anayekwenda huko bila rekodi ya volti anakwenda na neno lake tu. Nilipomuuliza yule ofisa iwapo mteja anaweza kupewa rekodi hiyo akiomba, alisema utaratibu upo. Hakusema ni upi.

Wanaonufaika kwa sasa ni wauzaji wa vifaa vya kinga. Friji gadi na stabilaiza zinatoka haraka, na zile zinazochelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi zinasaidia kweli. Nyingine ni boksi lenye taa tu. Kwa mota ya fezi tatu kinachohitajika ni kifaa cha kukata umeme fezi moja ikipotea, na wenye mashine wengi hawajawahi kuelezwa kuwa kipo.

Hali inaweza kuwa nzuri. Mradi wa nikeli wa Kabanga ukisimama, utahitaji umeme wa uhakika wilayani Ngara, na huenda laini za kijijini zikanufaika. Huenda pia zisinufaike, kwa sababu mgodi hulishwa kwa laini yake. Benki na vikoba vinavyokopesha wenye mashine havijaanza kuhesabu hatari ya mota kuungua. Yule mwenye mashine ameihesabu: mota ya tatu hainunui kabla hajapata jibu la barua yake, na injini ya dizeli ameshaifanyia matengenezo.