Bei ya Duka la Mtandaoni kwa Sarafu ya Mnunuzi: Ipi Ndiyo Bei ya Akdi?

Mafakihi wamehesabu kujulikana kwa bei kuwa miongoni mwa masharti ya kusihi biashara. Ijulikane ni kiasi gani, ni ya sarafu gani, na italipwa lini. Sharti hili linawakinga watu na ghararu, ambayo Mtume (s.a.w.) aliikataza kama ilivyo katika Hadithi ya Abu Huraira (r.a.) aliyoipokea Muslim. Sasa limezuka suala ambalo maimamu wetu wanaulizwa mara kwa mara. Duka la vitabu liko Kairo, hesabu zake ni kwa pauni za Misri. Mnunuzi yuko Mombasa, na katika simu yake anaona kitabu kimeandikwa bei kwa shilingi za Kenya. Je, wameuziana kwa pauni au kwa shilingi? Na kiwango kikibadilika, hasara ni ya nani?

Kabla ya kuhukumu ni lazima tulifahamu jambo lenyewe. Mwenye duka huweka bei moja ya asili kwa sarafu yake. Programu ya duka hutambua mnunuzi yuko nchi gani, ikachukua kiwango cha kubadilishia fedha, ikazidisha, na mara nyingi ikaikamilisha hesabu ili isiwe na senti. Hapo maduka yanatofautiana. Yako yanayoonesha shilingi kwa ajili ya kumfahamisha mteja tu, na wakati wa kulipa yanarudi kwenye pauni. Benki ya mnunuzi ndiyo inayobadilisha, kwa kiwango chake na ada yake. Na yako yanayopokea shilingi zile zile zilizooneshwa. Kwa macho ya mteja kurasa hizi mbili zinafanana, lakini kwa fiqhi ni mbali mbali.

Waislamu hawakuanza leo kuishi na sarafu mbili. Katika Madina ya Mtume (s.a.w.) zilitumika dinari za Warumi na dirhamu za Wafursi, hadi Abdul-Malik bin Marwan alipopiga dinari ya Kiislamu mwaka 77 Hijria. Wala kiwango baina yake hakikuwa kimoja daima: nisabu ya zaka ni dinari 20 au dirhamu 200, yaani kumi kwa moja, ilhali Umar (r.a.) alipokadiria dia aliweka dinari 1,000 au dirhamu 12,000. Kwa hiyo wanazuoni wa Kishafii, akiwemo Imam an-Nawawi, wakasema: mji ukiwa na sarafu iliyotawala, bei isiyotajwa sarafu huchukuliwa kuwa ni kwa hiyo, zikiwa zaidi ya moja na hakuna iliyotawala, ni sharti kuibainisha. Katika karne ya 19 riali ya Maria Theresa na rupia ya Kihindi zilitembea pamoja katika soko la Unguja, na aliyesema "kumi" bila kusema kumi ya nini alikuwa hajasema kitu.

Tunasema, na taufiki ni kwa Allah: bei ya akdi ni ile ambayo mnunuzi aliiona na kuiridhia alipobonyeza kukubali. Shilingi zilizooneshwa mwanzo kwa makadirio hazidhuru, maadamu ukurasa wa mwisho umemwonesha pauni ngapi anadaiwa kabla hajakubali. Ama kumwacha akubali akidhani ni shilingi 1,500, kisha akakatwa kwa sarafu nyingine kiasi asichokijua, huko ni kumhadaa. Na kama ukurasa umetaja bei mbili, wakaachana bila kuchaguliwa mojawapo, hiyo inaingia katika maana ya mauzo mawili ndani ya mauzo mamoja yaliyokatazwa.

Je, yaweza bei kuwa pauni na malipo yakawa shilingi? Msingi wake ni Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) waliyoipokea watu wa Sunan. Alikuwa akiuza ngamia kwa dinari na kuchukua dirhamu, na kinyume chake, akamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akamruhusu kwa kiwango cha siku hiyo, na wasiachane hali kuna kitu kilichobaki baina yao. (Wako wahakiki wanaoiona kuwa ni kauli ya Ibn Umar mwenyewe, lakini wengi wameifanyia kazi.) Juu ya msingi huu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, liliruhusu deni kulipwa kwa sarafu nyingine kwa kiwango cha siku ya malipo, maafikiano yakiwa siku hiyo na si kabla yake.

Mwenye duka ana haki ya kumuuzia mtu wa Mombasa kwa bei tofauti na ya mtu wa Kairo. Mali ni yake. Lakini akiandika "kiwango cha leo" naye amepachika nyongeza ya siri, huo ni uongo katika biashara, hata kama nyongeza ni senti.

Wanapogombana watu zaidi ni katika kurudisha bidhaa. Kwa Mashafii, ikala ni kuivunja akdi, na hurudishwa bei ile ile. Tuseme kitabu kiliuzwa pauni 500, pauni moja ikiwa shilingi 3; siku ya kurudisha imeshuka hadi shilingi 2. Ikiwa akdi ilikuwa kwa pauni, muuzaji ametimiza akirudisha pauni 500, ingawa mnunuzi atapata shilingi 1,000 alipotoa 1,500. Ikiwa ilikuwa kwa shilingi, ni haramu kwake kumpunguzia hata moja katika zile 1,500. Basi mnunuzi na auhifadhi ukurasa wa malipo, kwani huo ndio ushahidi wake.

Haya yote ni katika vitabu, nguo na mfano wake. Dhahabu na fedha zina hukumu za sarfu, na kuzinunua kwa noti bila kukabidhiana papo hapo hakufai, iwe bei imeandikwa kwa sarafu yoyote.

Wallahu a'lam.