Msimu wa Fomu

Mwezi wa tisa ukiisha, nguzo za umeme za Dar es Salaam huanza kuvalishwa. Kuanzia Mbagala hadi Tegeta, mabango ya shule hubanana na ya waganga na ya madalali wa viwanja: nafasi zipo, bebi klasi hadi darasa la sita, usafiri upo, chakula kipo. Chini namba ya simu, katikati picha ya watoto waliovaa tai, wanaocheka kwa Kiingereza. Msimu wa fomu umeingia. Kwa wazazi wa mji huu wenye mshahara, duka au ndugu aliye ng'ambo, msimu huu una mavazi yake, maneno yake na aibu zake, kama ilivyo mila yoyote iliyokomaa.

Tena ni mila changa. Waliozaliwa miaka ya sabini wanakumbuka walivyoandikishwa darasa la kwanza. Mama alikushika mkono mpaka shule ya jirani, mwalimu akakuambia upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, uguse sikio la kushoto. Vidole vikifika, umri umetimia. Visipofika, rudi nyumbani ukale ugali, uje mwakani. Cheti cha kuzaliwa wengi hawakuwa nacho, na mkono hauhitaji fotokopi. Usaili ulikuwa huo, wala haukuuliza baba yako anafanya kazi wapi.

Hapakuwa na cha kuchagua pia. Mwaka 1967 ulileta Azimio la Arusha na waraka wa Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikashika shule za msingi, na miaka miwili baadaye sheria ya elimu ikaziweka shule chini ya serikali. Tunapenda kusimulia kwamba mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mpishi wake walikaa dawati moja. Kwa sehemu kubwa ni kweli, ingawa watoto wa mabalozi walikuwa na shule yao tangu 1963. Baadaye uchumi ulipoyumba, madawati yakapungua na walimu wakachoka, wenye uwezo wakaanza kupakia watoto kwenye mabasi ya Kenya na Uganda, wengine wadogo kiasi kwamba sanduku liliwazidi kimo. Sera ya elimu ya 1995 ilipofungua milango kwa watu binafsi, soko lilikuwa linasubiri tayari. Nyumba ya vyumba vinne, uzio, bembea mbili, na jina la mtakatifu au neno la Kiingereza lenye matumaini: ingilishi midiamu imezaliwa.

Watu huwacheka wazazi hawa kwamba wanafuata fasheni. Mimi siwacheki sana. Nchi hii humfundisha mtoto kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, halafu anapoingia kidato cha kwanza humbadilishia lugha kana kwamba amehamishwa dirisha tu. Fizikia ni kwa Kiingereza, hata kilimo. Mzazi aliyepita hapo anakumbuka mwaka mzima wa kukariri asichokielewa. Anapolipa ada ya bebi klasi, mwenyewe anaona ananunua bima ya mwaka ule. Ongeza na wingi wa watoto tangu ada ilipofutwa, kwanza shule za msingi mwaka 2001 na kisha hadi kidato cha nne kuanzia 2016. Jambo jema, lakini mijini darasa la watoto mia moja si habari ya kushangaza. Ndiyo shule ambayo wenye fomu mkononi huiita Kayumba, na namna wanavyolitamka jina hilo inatosha kumtia mtu homa.

Basi tafuta shule, na hapo ndipo mila inapoanza kuonekana sura yake. Inafanana na posa kuliko kitu kingine chochote. Kwanza watu wanaulizia kimya kimya: ile shule ya Kinyerezi ikoje, walimu wake ni wa wapi, wanachapa? Kisha anatafutwa mshenga, yaani mtu anayemfahamu mtu wa ofisini pale, hasa kama macho yako kwenye Olympio au Diamond, shule za serikali zenye mchepuo wa Kiingereza ambazo nafasi zake hugombewa kuliko viwanja vya Mbezi. Kisha bei ya fomu, isiyorudishwa hata mkikataliwa. Fomu yenyewe inataka kujua kazi ya baba, elimu ya mama, mnakaa wapi na nani atalipa. Na kama ilivyo kwenye posa, ukoo humtanguliza anayejua kusema. Nimeona familia ikimwacha baba mzazi nyumbani na kumpeleka mjomba, kwa sababu mjomba alisoma Makerere na baba ana gereji.

Siku yenyewe huwa Jumamosi. Benchi limewekwa chini ya mti, na juu yake wamekaa watu ambao siku nyingine wangesalimiana kwa kelele. Leo wananong'ona. Akina mama wanawapangusa watoto midomo. Mmoja ana rundo la pasti pepa alizotolewa kopi kwa wakala wa shule hiyohiyo, anampitisha mwanawe kwenye rangi kwa mara ya mwisho: redi, yelo, grini. Mlangoni anatokea madamu na orodha, anaita jina, na mtoto anaingia peke yake. Mama anabaki dirishani.

Nilimwona mmoja, mvulana wa miaka mitano hivi, akioneshwa kadi yenye picha ya zabibu. Aliitazama kwa makini ya fundi saa. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekutana na rafiki: zambarau! Na kweli, ukiwa umekulia Upanga, ukayaokota chini ya mti mpaka shati likageuka rangi, lile tunda la kwenye kadi utaliita hivyo. Madamu alisubiri neno la Kiingereza, hakulipata, akaandika kitu kwenye karatasi. Dirishani mama yake alikuwa anachezesha midomo bila sauti, kama mtu anayesali. Mtoto huyo hakukosea kuona wala kufikiri. Alikosa tu kuwa na zabibu kwenye friji.

Zamu ya wazazi ikifika, swali moja haliachwi: nyumbani mnazungumza lugha gani? Jibu linajulikana na pande zote mbili. Kiingereza zaidi, mwalimu. Halafu baba anageuka, "Mama Junior, hebu nipe ile bahasha," na ofisi nzima inajifanya haikusikia.

Hili la lugha lingekuwa la kuchekesha lingeishia ofisini. Linaingia ndani. Mtoto akishapata nafasi, nyumba inawekewa amri: na Junior ni Kiingereza tu. Dada wa kazi aliyetoka Singida anajifunza maneno kumi, ya kula, kuoga na kulala, na mapenzi yake yote kwa mtoto inabidi yapite kwenye maneno hayo kumi. Bibi anakuja kutoka Korogwe na hadithi zake za sungura, anakuta mjukuu anamwangalia kwa heshima kama mgeni wa serikali. Shuleni nako ukutani kumeandikwa kwamba eneo hili ni la Kiingereza, na anayeteleza anaweza kuvishwa kibao shingoni azunguke nacho mpaka ampate mwenzake aliyeteleza. Babu zetu walivishwa vibao vya aina hiyo shule za wakoloni, na wakisimulia tunasikitika. Kisha mwisho wa muhula ripoti inakuja: Sayansi A, Hisabati A, Kiswahili D, na mama anayetoka Tanga, anayeweza kukutukana kwa mafumbo ukashukuru, anacheka kana kwamba amesifiwa.

Basi la njano nalo limebadilisha mtaa. Linapita saa kumi na moja alfajiri, maana dereva lazima azunguke Goba yote kabla ya foleni, na linawarudisha watoto jioni wakiwa wamelala vioo vikiwagonga vichwa. Kazi ya nyumbani inasubiri. Kwa hiyo watoto wa nyumba mbili zinazopakana wanaweza kukua bila kufahamiana, mmoja wa basi, mwingine wa kutembea. Zamani jirani akimkuta mwanao juu ya mwembe wake alimchapa, nawe ukamshukuru. Leo hajui hata jina la kumwita.

Fedha ndiyo sehemu ambayo mila hii imejishikiza kwenye mila ya zamani. Shule za kawaida za jijini huanzia kama milioni moja na nusu kwa mwaka na kupanda hadi nne na zaidi. Zile za kimataifa zinahesabu kwa dola na hazituhusu hapa. Juu ya ada kuna basi, chakula, sare za kununua palepale shuleni, rimu za karatasi, na karatasi za chooni ambazo sijawahi kuelewa mtoto mmoja anazimalizaje. Mshahara mmoja hautoshi. Shangazi anachukua awamu ya kwanza, kikoba cha mama kinachukua ya pili, ya tatu inaombwa kwa simu kwa kaka aliyeko Muscat. Harusi na msiba vilikuwa na kamati zake; sasa hata ada ya bebi klasi ina kundi lake la WhatsApp, na asiyechanga hukumbushwa.

Kwa waliokosa muda kabisa palikuwa na bweni, hata kwa watoto wa miaka minne na mitano wasiojua kufunga viatu. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kwa awali hadi darasa la nne, na malalamiko ya wazazi yalikuwa makubwa kuliko ya watoto. Mwaka huohuo Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Shule nazo zikatundika matokeo yao zenyewe getini, herufi A moja kwa kila kichwa, na ili bango lisichafuke, mtoto asiyefikisha wastani huitiwa mzazi na kushauriwa kwa upole atafute mazingira yatakayomfaa. Wizara imekemea mara kadhaa. Mzazi hashtaki, kwa sababu ana mwingine bebi klasi palepale.

Mtoto wa kwanza hupata haya yote, pamoja na mahafali ya kumaliza awali: joho, kofia ya mraba, keki, mpiga picha. Wa pili hupata sare za wa kwanza. Akizaliwa wa tatu, shangazi amestaafu na kaka wa Muscat ameoa, basi yule huandikishwa shule ya mtaani. Mwaka huo ndipo wazazi hugundua kwamba Kayumba ina mwalimu hodari wa darasa la kwanza, mama mwenye sauti ya kutosha watoto mia, na kwamba mwanawe mwalimu huyo anapanda basi la njano saa kumi na moja alfajiri, kwa mkopo wa chama cha akiba cha walimu.