Je, Kumwamini Mwenyezi Mungu Kwahitaji Dalili?

Wanafunzi wakubwa wametuuliza swali hili katika kipindi cha tawhidi, nasi twaona si vyema kuwajibu "nyamaza, utakufuru". Kesho watakuwa sekondari, na wengine Chuo Kikuu cha Dodoma, na huko wenzao watawauliza bila haya: huyo Mungu umemwona?

Wanavyuoni walikwishalijadili. Imamu Muhammad As-Sanusi wa Tlemcen, Algeria, aliyefariki mwaka 1490, aliandika kitabu kidogo kiitwacho Umm al-Barahin, yaani Mama wa Hoja. Humo zimo zile sifa ishirini tunazozihifadhi, kila moja na hoja yake. Kwake yeye kuhifadhi tu hakukutosha.

Hapo likazuka jambo zito. Bibi yetu wa Kondoa, aliyeamini kwa kuwasikia wazazi wake, je, imani yake ni bure? Wengi wa wanavyuoni walijibu kuwa imani yake ni sahihi, ila mwenye uwezo wa kufikiri akaacha ana lawama. Tena dalili inayotakiwa kwake si ya kimantiki. Ya jumla yatosha. Mfugaji wa huku kwetu akiona kwato katika mchanga wa mto mkavu, hujua ng'ombe wamepita na wameelekea wapi. Hangoji awaone. Mabedui wa Uarabuni walitoa hoja hiyo hiyo kwa kinyesi cha ngamia.

Wapo wapingao: nyayo za ng'ombe tumezizoea, bali nani amepata kuona ulimwengu mwingine ukiumbwa? Pingamizi hili si la kipuuzi, mwanafunzi asilicheke. Jibu ni kwamba hoja yetu haikusimama juu ya mazoea. Imesimama juu ya hili: kitu ambacho hakikuwapo hakiwezi kujileta chenyewe, hivyo kila kilichoanza kuwapo kina aliyekianzisha.

Hata hivyo Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza kuwa alishikwa na shaka kwa karibu miezi miwili, na kilichomtoa humo si mpangilio wa hoja bali nuru aliyotiwa kifuani na Mola wake. Naye ndiye bingwa wa hoja!

Na wazazi mnaoogopa maswali ya watoto, someni nao Sura Al-Baqara, aya ya 260. Nabii Ibrahim aliomba aonyeshwe wafu wanavyohuishwa, hali ameshaamini. Alitaka moyo wake utulie. Hakukemewa. Aliambiwa atwae ndege wanne.