Trela Ndogo ya Faiba: Rangi Ije Mwisho



Leo tuzungumze juu ya trela ndogo ya faiba, ile nyumba nyepesi ya magurudumu mawili inayovutwa nyuma ya gari. Kikundi kinaweza kuigeuza kuwa kibanda cha chai na chapati siku za soko, duka la mbegu, au chumba cha kupimia watoto uzito. Ni mali nzuri. Lakini isipotengenezwa kwa utaratibu inaweza kumaliza pesa zenu na kuumiza watu barabarani. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa mweka hazina wa kikundi kilichokosea karibu kila hatua.

TULIVYOKOSEA

Mwaka wa 2018 kikundi chetu cha kina mama kilinunua trela kuukuu iliyokuwa stoo ya chakula cha kuku. Tulitoa pesa za mzunguko wa miezi minane. Jambo la kwanza tulilofanya ni kupaka rangi, manjano na kijani, na jina la kikundi ubavuni. Watu walitusifu sana. Kisha tukang'oa kabati refu lililokuwa ndani ili tupate nafasi ya meko. Tangi la maji tukaliweka nyuma kabisa, karibu na dirisha la kuuzia.

Siku ya kwanza ya kwenda soko la Emali, mwenzetu mmoja alipanda ndani ya trela ashike vyombo visivunjike. Tulipofika kwenye mteremko, trela ikaanza kuyumba, kushoto, kulia, kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Dereva alipokanyaga breki kwa nguvu, ndipo ilipozidi. Iliishia mtaroni. Yule mama alivunjika mkono, na hakuweza kulima msimu mzima.

Mvua zilipofika, paa likabonyea katikati, maji yakatuama, sakafu ikawa laini kama uji. Hapo ndipo tulipomwita fundi wa jua kali anayetengeneza matangi ya faiba. Aliizunguka mara mbili bila kusema neno. Kisha akasema, "Kina mama, trela hii haina ubaya. Ninyi mlianzia juu mkashuka. Kazi hii huanzia chini."

Haya ndiyo aliyotufundisha, pamoja na mengine tuliyojifunza baadaye.

FAIBA NI KITU GANI?

Faiba ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoloweshwa kwa resini, yaani gundi ya maji inayokauka na kuwa ngumu. Ndiyo hiyohiyo ya matangi ya maji na maboti ya pwani. Haishiki kutu wala haiozi. Kinachooza ni mbao zilizo ndani yake, na kinachoshika kutu ni fremu ya chuma iliyo chini.

Trela maarufu ya aina hii, Boler, ilitoka katika mji wa Winnipeg, nchini Kanada, mwaka wa 1968. Aliyeibuni, Ray Olecko, alikuwa kwanza ametengeneza tangi la maji taka la faiba. Akafikiri, kama tangi linaweza kuwa jepesi na lisivuje, kwa nini nyumba ya safari isiwe hivyo? Akaitengeneza kwa vipande viwili, cha juu na cha chini, vikaunganishwa katikati kama nusu mbili za kibuyu. Hadi leo watu wa Kanada na Marekani wananunua zile za zamani na kuzirekebisha. Kwa hiyo makosa yake yanajulikana, na sisi tunaweza kujifunza bila kuyalipia tena.

Kosa moja ni lile letu la kabati. Katika trela nyingi za namna hii, kabati si pambo. Ndilo linaloshikilia paa, kama nguzo ya kati ya nyumba ya msonge. Ukiling'oa bila kuweka nguzo nyingine, paa linashuka. Kabla hamjang'oa chochote, ulizeni: hiki kinabeba nini?

HATUA YA KWANZA: MIFUPA

Laleni chini ya trela na nyundo ndogo na brashi ya waya. Gongeni fremu yote. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa sauti butu na kumeguka. Angalieni sana pale mkono wa kuvutia unapoingia chini ya sanduku la trela. Hapo ndipo fremu nyingi za zamani hupasuka. Ufa ukionekana, msiuzibe kwa rangi. Aitwe fundi wa kuchomelea aongeze chuma.

Fungueni magurudumu, beringi zioshwe na kutiwa grisi mpya. Springi ziangaliwe. Kama ekseli ni ya kutumia mpira ndani badala ya springi, jueni mpira huo huzeeka. Ukishakufa, kila shimo la barabara linapiga sanduku moja kwa moja.

Tairi nayo isiwadanganye kwa meno yake. Tafuteni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. Zikisomeka 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Trela iliyokaa miaka mingi bila kutembea inaweza kuwa na tairi zenye meno mazuri lakini zilizopasukapasuka kwa uzee.

HATUA YA PILI: MAJI

Tafuteni panapovuja kabla ya kutengeneza sakafu. Mtu mmoja aingie ndani na tochi na chaki. Mwingine amwage maji nje kwa ndoo, polepole, akianzia chini na kupanda juu, sehemu moja baada ya nyingine. Mkianzia juu, maji yatateremka na hamtajua yameingilia wapi. Kila tone likionekana, chaki ipige alama.

Mara nyingi maji hupita kwenye mpira wa madirisha, kwenye ribiti, kwenye kifuniko cha paa, na kwenye mshono wa vipande viwili. Ondoeni gundi yote ya zamani kwanza, kisha zibeni kwa gundi ya kuziba ya poliyurethani. Silikoni ya madirisha ya nyumba ni rahisi kupatikana, lakini rangi haishiki juu yake, na gundi nyingine haishiki pale ilipokuwa. Ukiipaka leo, kesho umemtesa fundi.

HATUA YA TATU: NYUFA NA SAKAFU

Ufa mdogo kikundi kinaweza kuziba chenyewe, fundi akiwaonyesha mara ya kwanza.

1. Toboeni tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee.
2. Upande wa ndani, safisheni kwa asitoni, kisha pigeni msasa kuzunguka ufa hadi pawe na mikwaruzo. Faiba mpya haishiki juu ya faiba inayong'aa.
3. Kateni vipande vitatu vya mati ya faiba, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia.
4. Changanyeni resini kidogokidogo. Kilo moja hupewa hadina, dawa ya kukazia, gramu 10 hadi 20. Siku ya joto kali tumieni kiasi cha chini. Mkichanganya nyingi kwa pamoja, itachemka na kuganda ndani ya kopo.
5. Lowesheni mati, pigeni brashi hadi hewa yote itoke. Hewa ikibaki, hapo ni udhaifu.

Tahadhari, ndugu zangu. Hadina ikiingia machoni inaweza kupofusha. Vaeni miwani ya kazi, glavu na mikono mirefu. Vumbi la faiba lisivutwe puani. Fanyeni kazi mahali pa wazi, mbali na moto na watoto. Na kama mmepewa chupa mbili za dawa, hadina na kobalti, msizichanganye kamwe zenyewe kwa zenyewe, zinaweza kulipuka. Afadhali kununua resini ambayo tayari imetiwa kobalti.

Sakafu iliyooza ikatwe hadi kwenye mbao nzima. Plaiwudi mpya ipakwe resini pande zote, hata kingo, kabla haijafungwa.

Mkitaka kukata dirisha la kuuzia, pembe zake ziwe za mviringo. Pembe kali ndipo ufa unapozaliwa. Na ndani muweke fremu ya mbao au chuma kuzunguka tundu, kwa sababu mmeondoa sehemu ya ukuta uliokuwa unabeba paa.

HATUA YA NNE: MZIGO

Hapa ndipo mwenzetu alipovunjika mkono, kwa hiyo naomba msikilize vizuri.

Kila aliyepakia mkokoteni wa punda anajua: mzigo ukizidi nyuma, mikono ya mkokoteni inainuka na punda anataabika. Trela ni vivyo hivyo. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, pua ya trela inakuwa nyepesi, na mkia unaanza kuyumba. Kadiri gari linavyokimbia ndivyo kuyumba kunavyozidi.

Kanuni ni hii: uzito unaolala kwenye kiungo, pale trela inaposhikana na gari, uwe sehemu 10 hadi 15 kwa kila 100 ya uzito wote. Trela ikiwa na kilo 600 pamoja na mizigo, pua ilale na kilo 60 hadi 90. Kupima si kazi ngumu. Egesheni mahali tambarare, zuieni magurudumu kwa mawe. Kisha ning'inizeni pua kwenye mizani ya kupimia magunia, kwa urefu uleule wa kiungo cha gari, na msome. Sisi tulipopima, ya kwetu ilikuwa kilo 15 tu. Tangi letu la maji lilikuwa linainua pua.

Maji ni mazito. Lita 100 ni kilo 100. Mtungi wa gesi wa kilo 13 ukijaa una uzito wa karibu mara mbili ya hizo, kwa kuwa chuma chenyewe kina uzito. Vitu vizito viwe chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Tangi lisafiri tupu, lijazwe sokoni. Na hakikisheni gari lenyewe lina uwezo wa kuvuta uzito huo.

Fungeni pia minyororo miwili ya usalama, ipishane chini ya kiungo. Trela ikianza kuyumba, dereva aachie mafuta taratibu na kushika usukani sawasawa. Asikanyage breki kwa hofu wala asiongeze mwendo. Na mtu asipande ndani ya trela inayotembea. Vyombo vinanunuliwa tena.

HATUA YA TANO: MOTO NA TAA

Faiba inawaka, na moshi wake ni mbaya. Ukuta ulio karibu na meko uwekewe bati, na nafasi ya hewa nyuma ya bati. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hukaa chini. Mtungi ukae nje, au kwenye sanduku lake lenye matundu chini. Kuwe na mlango unaofunguka upesi na kizimamoto karibu nao.

Kwa mwanga, sola ndogo inatosha. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa nne hutumia wati-saa 80. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina wati-saa 600, na betri ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu ili idumu. Fyuzi iwe karibu na betri. Taa za breki na indiketa za trela zifanye kazi pamoja na za gari, na viakisi viwe nyuma na ubavuni.

HATUA YA SITA: KARATASI

Katika Kenya trela husajiliwa na kupewa namba yake yenyewe, inayoanza na herufi Z. Wakati wa kununua, dai karatasi za umiliki kabla ya kutoa pesa. Mkiuza chakula, mtahitaji leseni ya biashara ya kaunti na vyeti vya afya vya wanaopika.

SASA RANGI

Mkishamaliza hayo yote, pakeni rangi mnayoipenda. Sisi tulipaka mara ya pili mwaka wa 2020, manjano na kijani vilevile. Yule mama aliyeumia ndiye aliyeandika jina. Leo kabla ya safari yeye ndiye hupima pua ya trela, na asiporidhika hatuondoki. Hakuna anayebishana naye.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Tukipata trela leo, ni nani kati yetu atakayelala chini na kuikagua kabla hatujalipa?
2. Pesa zetu tukizigawa, ni kiasi gani kitaenda kwa fremu, tairi na kuzuia maji, na kiasi gani kwa rangi?
3. Ni kitu gani kingine katika kikundi chetu tulichokipamba kabla ya kukiimarisha?
4. Nani atapewa mamlaka ya kusema, "Leo hatuondoki"?